Watoto wa awali wanaimba "ba be bi bo bu" lakini wanashindwa kubadili sauti moja kwenye neno. Tuanzie wapi?

MwalimuUyui

Habari za kazi wadau. Nafundisha darasa la awali huku Uyui, Tabora. Watoto ni 68, wengi wana miaka mitano. Silabi wanaziimba vizuri hadi mwisho wa chati, na kupiga makofi kwa silabi hakuwasumbui. Tunakwama kwenye michezo ya kubadili sauti. Nikisema "paka, toa /p/, weka /t/, tunapata nini?" darasa linanyamaza. Wachache wanajibu "pataka", wengine "ta", wengine wanarudia "paka". Nikiwapa jibu wanalirudia kwa kelele, lakini nikileta neno jingine tunarudi palepale.

Naomba mnielekeze hatua zenyewe, maneno yanayofaa, na muda wa kutumia kwa siku. Vifaa vya kununua sina. Jambo jingine: nyumbani wengi wanazungumza Kinyamwezi, na /l/ na /r/ kwao ni kitu kimoja. Niwasahihishe wakati wa mchezo au niwaache?

Mkufunzi_Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kuyasikiliza majibu yao na kuyaandika, maana kila kosa hapo lina sababu yake. Mtoto wa "pataka" ameelewa kuwa kuna kitu kinaingia, ila hajaelewa kuwa lazima kingine kitoke kwanza. Mtoto wa "ta" anasikia silabi kama punje moja isiyopasuka, na kwake /t/ haina maisha bila /a/. Anayerudia "paka" hajajua mchezo unamtaka afanye nini. Hao ni watoto wa aina tatu, na kila mmoja ana mahali pake pa kuanzia.

Kubadili sauti ndiyo ngazi ya juu kabisa. Mtoto anatakiwa alishike neno kichwani, alipasue, atoe kipande, aweke kingine, kisha aunge upya. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto mchezo wa kugonga meza kwa kijiti, pigo moja kwa kila silabi, au moja kwa kila sauti. Watoto wa miaka minne karibu nusu waliweza silabi, lakini sauti hakuweza hata mmoja. Wa miaka mitano walioweza sauti walikuwa asilimia 17. Mwishoni mwa darasa la kwanza walifika asilimia 70. Hao walikuwa wakisema Kiingereza, lakini mpangilio wa silabi kwanza na sauti baadaye utauona hata kwa wako. Kwa hiyo ukimya wa darasa lako ni wa kawaida kwa umri huo. Kinachohitajika ni ngazi zilizorukwa.

Ngazi zenyewe ni hizi. Kwanza kuchezea silabi, siyo kuzihesabu tu. Tumia mchezo wa zamani wa kinyume, wa kuchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele: meza inakuwa "zame", kalamu inakuwa "mukala", Tabora inakuwa "Ratabo", Igunga inakuwa "ngaigu". Watoto wanaupenda sana, na unawafundisha jambo ambalo kuimba chati hakufundishi: neno lina vipande, na vipande vinahama. Wiki moja inatosha, mbili ikibidi.

Pili, kusikia sauti ya kwanza. Hapa chagua konsonanti inayovutika. /s/ unaweza kuivuta kama nyoka, /z/ kama nyuki, /v/ kama pikipiki, /f/ kama mtu anayepuliza moto, /m/ kama aliyeonja asali. Lakini /p/, /t/, /k/, /b/, /d/, /g/ ni vipasuo: zinatoka mara moja na kufa, na ukijaribu kuzivuta unajikuta umebandika irabu. Ndiyo maana "paka" ni neno gumu la kuanzia. Umewapa kipasuo kitoke na kipasuo kingine kiingie, na masikio yao hayajapata pa kushika.

Tatu, kuunga. Wewe unasema "s... uka" wao wanasema "suka". Nne, kutoa: "suka, ondoa /s/, imebaki nini?" Wengi wakishajibu "uka" bila kutazamana, ndipo unaingia ngazi ya tano, kubadili.

Sasa vifaa. Okota vizibo vya soda. Watoto 68 wakikaa wawiliwawili ni jozi 34. Kila jozi inahitaji vizibo vinne vya kawaida na kimoja kilichopakwa rangi nyekundu, jumla 170. Zigonge kingo kwa nyundo ziingie ndani, maana meno ya kizibo yanakata vidole. Usitumie kokoto ndogo wala mbegu za ukwaju kwa umri huu, zinaingia puani na masikioni. Chora visanduku vinne kwenye kipande cha boksi, au hata chini kwenye udongo. Visanduku hivi asili yake ni Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi ya zamani ya Kisovieti, na vimesambaa duniani kwa sababu vinafanya sauti ionekane na ishikike.

Konsonanti iwe kizibo kilicholala na rangi yake juu, irabu iwe kizibo kilichofunuliwa, upande wa ndani juu. Kwa "suka" mtoto anaona: rangi, wazi, rangi, wazi. Bila kumwambia neno "irabu" ameanza kuona namna Kiswahili kinavyopangika.

Mchezo wenyewe wa kutoka "suka" kwenda "vuka" unaenda hivi. Unasema neno na kuonyesha tendo la kusuka nywele, ili maana itangulie. Watoto wanasukuma kizibo kimoja kimoja kwenye kisanduku huku wanasema s, u, k, a, polepole, kidole kikiwa juu ya kizibo. Unagusa cha kwanza: "Hapa panasema nini?" Sssss. "Kitoeni." Kizibo kinatoka kabisa, kinawekwa pembeni, na wanasoma kilichobaki: uka. Kituo hiki usikiruke hata siku moja, ndicho kinachomponya mtoto wa "pataka". Kisha unainua kizibo chekundu: "Huyu anasema vvvv. Muingizeni." Wanatelezesha kidole toka mwanzo hadi mwisho: vvvvuka. Halafu tendo, wote wasimame wavuke mstari uliochora sakafuni. Neno limeisha. Maneno matatu kwa siku yanatosha, lakini kila neno lipitie hatua zote.

Muda uwe dakika kumi, siku tano kwa wiki, asubuhi kabla hawajachoka. Jopo la taifa la Marekani lililopitia tafiti za kusoma mwaka 2000 liliona mafunzo ya namna hii yaliyoleta matokeo makubwa zaidi yalichukua jumla ya saa 5 hadi 18. Dakika 50 kwa wiki kwa wiki 12 ni saa 10. Unaingia katikati kabisa ya hapo. Ukiongeza dakika hadi 40 kwa siku utawachosha bila faida.

Makosa mawili ya mwalimu nayaona mara nyingi. La kwanza ni kutumia jina la herufi badala ya sauti. Ukisema "esi" mtoto ataunga "esiuka", na atakuwa sahihi kwa ulichompa. La pili ni kusema "pa" ukidhani umesema /p/. Weka kiganja mbele ya mdomo, toa /p/ kwa kunong'ona, usikie pumzi tu bila sauti ya koo. Fanya mazoezi peke yako kabla ya kuingia darasani, kwa sababu /p/ ikitoka kinywani mwako ikiwa na irabu, darasa zima litaibeba hivyo.

MamaIpuli

Naongezea maneno, maana orodha ikiwa mbaya hata hatua nzuri hazifui dafu.

Kwa Kiswahili mimi ningeanza na kubadili irabu kabla ya konsonanti. Irabu ni tano tu, zinasikika wazi, na zinabeba silabi nzima. Anza na maneno ambayo irabu zake zote mbili ni moja: mama inakuwa mimi, sasa inakuwa sisi, dada inakuwa dodo halafu dudu, kaka inakuwa kuku, nene inakuwa nini. Hapo mtoto anabadili sauti moja mara mbili, na kila jibu ni neno analolijua. Wakizoea, badilisha irabu ya mwisho peke yake: kiti, kitu, bata, bati, jina, jino, soko, soka. Kisha irabu ya kwanza: pata, pita, paka, pika, fika, fuka.

Kwa konsonanti ya mwanzo, familia ya -uka aliyoigusa Mkufunzi ni bora kuliko zote: suka, vuka, zuka, shuka, duka. Usiweke suka na shuka siku moja mwanzoni, zinakaribiana. Tanguliza suka na vuka, kisha zuka. Duka ije mwisho kwa kuwa ni kipasuo. Ruka iache kwanza, kwa sababu ya /r/ uliyoitaja. Familia nyingine: soma, homa, choma, koma, goma. Weza, meza, cheza. Kali, mali, hali, sali. Bata, kata, pata.

Na iko moja ambayo kwa Tabora hatuna sababu ya kuikosa: embe. Neno linaanza na irabu, kwa hiyo hakuna cha kutoa, ni kuongeza tu. Weka /s/ upate sembe, /w/ upate wembe, /p/ upate pembe, /j/ upate jembe, /t/ upate tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa kama ile ya Kwihara hapa Tabora. Mtoto wa "pataka" anaweza kuanza hapa, kwa sababu hapa kuongeza ndiyo jibu sahihi. Akishazoea unamgeuzia: "pembe, ondoa /p/." Lakini mb ya embe usiipasue. Iache iwe kizibo kimoja.

Konsonanti ya katikati ndiyo ngumu kuliko zote. Iweke muhula wa pili: saba, sawa, sasa, sala.

Maneno kama saa, taa, kaa, vaa, zaa ni mazuri kwa mdomo lakini usiyaweke kwenye vizibo. Nusu ya darasa itasikia /a/ moja ndefu, nusu itasikia mbili, na kipindi kitaisha mnabishana idadi.

Jihadhari na jambo moja ambalo vitabu havisemi. Ukibadilisha herufi hovyo utatua kwenye matusi. Familia ya -uma usiiguse, hata kama chuma na tuma zinavutia. Ya -omba pia. Kila orodha ipitishe herufi zote za alfabeti kimoyomoyo kabla ya darasa, na kama hujui Kinyamwezi vizuri, mwombe mwalimu anayekijua aisikilize. Usichezee majina ya watoto vilevile. Jina lililobadilishwa sauti asubuhi, saa nne uwanjani limeshakuwa la kumtania mwenzao, na mtoto anaweza kulibeba hadi darasa la saba. Tengeneza mwanasesere wa kitambaa mmoja, huyo ndiye abadilishwe jina kila siku.

SilabiKwanza

Nawaheshimu walimu wenzangu, lakini nauliza kwa dhati: haya yote ya nini? Kiswahili ni lugha ya silabi. Wazazi wetu walisoma kwa a e i o u, ba be bi bo bu, na walisoma magazeti. Sauti moja moja ni jambo la Kiingereza ambako herufi hazitabiriki. Sisi "ba" ni "ba" siku zote. Darasa la watoto 68, kila dakika ni mali. Kwa nini tusiimarishe silabi tukaishia hapo?

Mkufunzi_Mstaafu

Swali la haki, na sehemu yake ni kweli. Kwa Kiswahili silabi ndiyo mlango, wala simwambii mtu aufunge. Nilichopendekeza kinaanza na silabi kwa wiki nzima.

Lakini tuhesabu. Kiswahili kina konsonanti zipatazo 25 ukijumlisha ch, sh, ny, ng', th, dh na gh. Zidisha kwa irabu tano unapata karibu silabi 125, kabla hujagusa mba, nda, nga, kwa, bwa, mwa. Mtoto anayeshika silabi kama picha nzima ana mzigo wa kukariri 125 na zaidi. Mtoto anayesikia kuwa "ba" ni /b/ na /a/ ana sauti 30 za kujua, zilizobaki anazijenga mwenyewe. Darasani utamtambua haraka. Mwoneshe "vu" ambayo hamjaifikia kwenye chati, lakini /v/ na /u/ anazijua. Wa kwanza atasema hatujafundishwa. Wa pili ataivuta, vvv-u, na ataipata.

Jaribio jingine ni rahisi zaidi. Mpe mtoto anayeimba chati vizuri silabi tatu za mstari mmoja bila mpangilio: mo, ma, mi. Wengi watarudi kichwani waanze "ma, me, mi..." hadi wafike. Hapo unajua ameukariri wimbo, na silabi yenyewe bado hajaishika.

Kuandika ndiko kunakoonyesha tofauti zaidi. Mtoto wa silabi nzima akiandika "mkate" mara nyingi anaandika "mukate" au "kate", kwa sababu /m/ iliyosimama peke yake haimo kwenye chati yake. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulianza na kutambua sauti kabla ya kusoma silabi, na sababu zake zilikuwa za namna hii.

Na sina maana kwamba sauti zikae peke yake bila herufi. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma. Wengi walishindwa kuongeza au kuondoa sauti moja mwanzoni mwa neno, ingawa walikuwa wasemaji wazuri wa lugha yao. Waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Maana yake sikio na herufi vinavutana kwenda juu. Kwa hiyo mtoto akishaweza kubadili /s/ na /v/ kwa vizibo, andika s na v kwa chaki juu ya vizibo vyenyewe, wiki hiyohiyo. Usimsubirishe hadi amalize sauti zote.

SilabiKwanza

Hilo la mukate nimelielewa, naliona kila siku kwenye madaftari. Basi niulize: /m/ ya mkate inachukua kizibo kimoja au inaungana na k?

Mkufunzi_Mstaafu

Kizibo chake peke yake, na ni silabi yake peke yake: m-ka-te, makofi matatu. Vivyo hivyo m-tu, m-ge-ni, n-chi. Lakini mbuzi ni mbu-zi, makofi mawili, na ndizi ni ndi-zi. Kinachochanganya ni mbu, mdudu anayeuma. Kwa kuwa neno ni fupi, /m/ yake inasimama: m-bu. Ukiweka mbu na mbuzi kwenye kipindi kimoja utawavuruga bure. Kwa awali acha maneno yote yenye m au n kabla ya konsonanti hadi muhula wa mwisho. MamaIpuli amefanya vizuri kuifunga mb ya embe kizibo kimoja.

Na ch, sh, ny, ng' ni kizibo kimoja kila moja, japo herufi ni mbili au zaidi. Tunahesabu kinachosikika, na herufi zitakuja na hesabu yake.

LughaZaMagharibi

Nijibu lile la Kinyamwezi, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi wanawaumiza watoto bila kukusudia.

Kinyamwezi hakina /r/ inayotofautisha maneno na /l/. Sikio la mtoto limelelewa miaka mitano likiambiwa kuwa tofauti hiyo haina kazi, na limetii. Hajakosea. Kwa hiyo swali lako lina majibu mawili. Wakati wa mchezo wa kubadili sauti, usimsahihishe. Kama ametoa /s/ kwenye "suka" akaweka alichotaka kiwe /r/ na kikatoka "luka", kazi ya kubadili ameifanya kikamilifu. Mpe sifa yake. Ukimkatisha kwa ajili ya ulimi, atajifunza kuwa mchezo huu ni wa kuogopa, na wiki ijayo hatafungua mdomo.

Kisha tenga dakika tano, siku nyingine, kwa /l/ na /r/ peke yake, na uanze kwa kusikia kabla ya kusema. Weka picha mbili ukutani, kalamu na karamu, yaani kalamu ya kuandikia na watu wanaokula sherehe. Wewe sema moja, wao waelekeze kidole. Usiwatake waseme chochote. Fanya mara kumi ukichanganya, na usifuate zamu inayotabirika. Kula na kura zinafaa pia: picha ya sahani na picha ya sanduku la kura. Wakifika nane kati ya kumi kwa siku tatu mfululizo, ndipo uwape nafasi ya kusema. Kwa ulimi, /l/ inabaki imegusa nyuma ya meno ya juu na unaweza kuivuta, wakati /r/ inapigapiga na kutetema. Waanze na "drrrr" ya trekta, /d/ inauweka ulimi mahali pake.

Kuna jambo la irabu ambalo halisemwi sana. Kinyamwezi kina irabu saba, Kiswahili tano. Kati ya /i/ na /e/ kina irabu nyingine, na kati ya /u/ na /o/ vilevile. Kwa hiyo usishangae mtoto akisitasita kati ya "pita" na "peta". Ana vyumba saba kichwani na wewe unamwambia vipo vitano. Kwenye orodha ya MamaIpuli anza na /a/ dhidi ya /i/, na /a/ dhidi ya /u/, ambazo ziko mbali mbali. /i/ dhidi ya /e/ na /u/ dhidi ya /o/ ziache mwisho. Hapo dudu na dodo zitenganishwe, zisikae kipindi kimoja.

/th/, /dh/ na /gh/ pia hazimo, na mtoto atasema "samani" kwa thamani, "zahabu" kwa dhahabu. Hizo hazina haraka kabisa kwa awali.

Halafu kitumie Kinyamwezi chenyewe. Mtoto aliyezubaa kwenye "kalamu" atapiga makofi manne safi kwenye "mwangaluka", salamu ya asubuhi: mwa-nga-lu-ka. Ufundi wa kupasua neno akiupata kwa lugha moja anao kwa lugha zote, hahitaji kujifunza mara mbili. Maneno matano ya nyumbani kila wiki, kwa kupiga makofi na kwa kinyume, yanamleta kwenye mchezo yule aliyekuwa anakaa nyuma kimya.

MwalimuUyui

Nashukuru sana walimu wangu. Nimeelewa kwa nini "paka" ilinishinda. Limebaki moja. Nikiuliza darasa zima, watoto sita wa mbele wanajibu kwa sauti na wengine wanafuata midomo yao. Nitajuaje nani ameshika? Na wasioweza kabisa niwafanyie nini wakati wengine wanaendelea?

MamaIpuli

Jibu la pamoja usilitumie kupima, litumie kuchangamsha tu. Badala yake weka jibu la kimya. Unasema maneno mawili, "suka, vuka", wao wanafumba macho na kuinua kidole gumba kama sauti iliyobadilika ni ya mwanzo, au wanashika goti kama ni ya mwisho, mfano "bata, bati". Macho yakifumbwa hakuna wa kuigwa. Kwa sekunde tano unaona darasa zima.

Kwa mmoja mmoja, ita watoto watatu kila siku wakati wenzao wanachora. Maneno matano kwa kila mtoto, hayazidi dakika mbili: moja la kusema sauti ya kwanza, moja la kuunga, moja la kutoa, mawili ya kubadili. Neno la mwisho liwe ambalo jibu lake halina maana, mfano "meza, toa /m/, weka /v/". Akisema "veza" amesikia kweli, kwa kuwa hilo hajawahi kulisikia mahali. Siku 23 za shule umemaliza 68, karibu wiki tano, halafu unaanza upya. Andika alama ya ngazi aliyokwama tu, siyo maksi.

Wanaokwama wakusanye kwa ngazi, watano au sita, wakae nawe dakika tano huku wenzao wanacheza kwa jozi. Wa "ta" wapewe kuunga na kutoa kwa sauti za kuvutika pekee. Wa "pataka" wapewe embe na vizibo. Jozi uzipange mwenyewe: anayejua akae na anayekaribia kujua. Ukimkalisha na aliye chini kabisa, yule wa juu atafanya yote na mwenzie atatazama vizibo.

Mkufunzi_Mstaafu

Na mtoto ambaye baada ya wiki sita hadi nane hasikii hata sauti ya kwanza ya neno, usimwongezee mazoezi kabla hujaangalia masikio. Simama nyuma yake, hatua tatu, umwite kwa sauti ya kawaida. Mnong'onezee maneno mawili ayarudie. Angalia kama sikio linatoa usaha, kama anageuza upande mmoja kila unaposema, kama anasikia vizuri siku moja na siku nyingine hasikii baada ya mafua. Sauti nyembamba kama /s/, /f/ na /sh/ huwa za kwanza kupotea, na ndizo tulizoanza nazo. Mwite mzazi, aende naye zahanati, na wakati anasubiri mkalishe mbele, upande wa sikio zuri, mahali anapoona midomo yako.